Skhole: neno la kukaa bila shughuli lililozaa shule na skuli

Mtoto wa Unguja huamka asubuhi kwenda skuli. Binamu yake wa Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, anakwenda shule. Wakikutana likizo hutaniana kwa jambo hilo, kila mmoja akishikilia kwamba la kwake ndilo Kiswahili chenyewe na la mwenzake ni la kuokota. Ukweli ni kwamba yote mawili ni ya kuokota, tena ni ndugu wa tumbo moja. Shule lilishuka na Wajerumani, waliojitwalia Tanganyika kuanzia mwaka 1885, na kwao huitwa Schule. Skuli lilikuja na Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890. Mjerumani na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, walilipata kwa Mrumi aliyesema schola. Mrumi naye alilikopa kwa Mgiriki, aliyesema skhole.

Na kwa Mgiriki wa kale, skhole haikuwa na dawati wala ubao. Haikuwa jengo. Ilikuwa ni kuwa na nafasi: kutokuwa na shughuli inayokubana, kukaa na muda wako ukiwa wako.

Mimi nilisoma shule ambayo kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni. Kiranja aliigonga kwa kipande cha nondo, na ikilia saa moja na nusu, aliyekuwa bado yuko njiani alijua kinachomngoja. Basi siku niliyosoma kwamba neno "shule" asili yake ni "kutokuwa na shughuli", nilicheka peke yangu. Baadaye nikaanza kujiuliza: neno liliwezaje kutoka huko hadi kwenye ile rimu? Safari yenyewe ni ndefu, na kama nilivyokuja kugundua, si ya kuchekesha yote.

Tuanze na sauti yake. Ile "kh" ya Kigiriki cha kale haikuwa ile ya "kheri" na "khofu". Ilikuwa k iliyopulizwa pumzi, kama Mmvita anavyotofautisha kaa la moto na kaa wa pwani: wa pwani hutoka na pumzi, la moto halina. Wagiriki wa leo ndio wanaoitamka kama ya "kheri". Mzizi wa neno ni kitenzi ekhein, yaani kushika, kuwa na kitu mkononi. Katika baadhi ya nyakati za kitenzi hicho mzizi hubaki skh- tupu, na humo ndimo lilimotoka pia skhema, umbo la kitu, yaani namna kilivyojishika. Skhole basi ni kule kujishika, kusita, kuzuia mkono usiendelee. Ukitaka picha yake, mfikirie mchukuzi anayesimama katikati ya safari na kutua mzigo. Pale anaposimama ndipo neno lilipozaliwa.

Kutoka kusita hadi kuwa na nafasi si mbali, na hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengi hawana. Wafasiri wa lugha nyingi huhangaika na neno hili, maana "mapumziko" halitoshi na "starehe" linapotosha. Sisi tunalo "nafasi". Mgiriki aliposema ana skhole alimaanisha kile kile tunachomaanisha tunaposema "nina nafasi leo, njoo tuzungumze". Hata ujanja wetu alikuwa nao. Ukimwalika mtu akakujibu "nitakuja nikipata nafasi", humwekei sahani, umeshajua haji. Katika tamthilia ya Antigone ya mtunzi Sophocles, iliyochezwa Athens yapata mwaka 441 KK, kuna askari mlinzi aliyekoswakoswa na hasira za mfalme. Anaporudi mbele yake anasema alikuwa amejiapiza kwamba angerudi pale skholei, yaani kwa nafasi yake. Maana yake: hata kidogo, labda kuku aote meno.

Lakini pana mahali ambapo Kigiriki na Kiswahili vinaachana, na kwangu hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Sisi mtu aliye huru na muda wake humwita "hana kazi", "hana shughuli". Tunamweleza kwa kile anachokikosa: kazi ndiyo hali ya kawaida, na kutokuwa nayo ndiko upungufu. Wagiriki walifanya kinyume. Kwao skhole ndilo lililokuwa neno lenyewe, na shughuli wakaiita askholia, "ukosefu wa skhole". Mfanyabiashara anayekimbia huku na huko hakuwa mtu mwenye jambo. Alikuwa mtu aliyepungukiwa. Warumi wakaiga mtindo huo huo: otium ni wasaa, negotium ni kukosa wasaa, yaani biashara.

Kuna chombo kimoja kinachoonyesha askholia kuliko maelezo yoyote. Wachimbuaji wa Agora, uwanja wa soko wa Athens, walifukua chungu cha udongo cha mwishoni mwa karne ya 5 KK, chenye kijibomba kidogo cha shaba karibu na kitako. Kimeandikwa jina la kabila moja la jiji hilo, Antiokhis, na alama mbili zinazofanana na X, yaani vipimo viwili. Ukikijaza huchukua lita 6.4 hivi, na ukizibua bomba maji humalizika kwa dakika kama 6. Hiyo ndiyo saa ya mahakamani, klepsudra, mwizi wa maji. Mshtaki au mshtakiwa alisimama, kizibo kikatolewa, akaanza kusema. Karani alipotaka kusoma sheria au ushahidi, msemaji alimwambia mhudumu, "zuia maji". Kisha yanafunguliwa tena, nawe unaongea huku unasikia mchirizi ukizidi kuwa mwembamba.

Katika mazungumzo yaitwayo Theaetetus, mwanafalsafa Plato anamfanya mwalimu wake Socrates alinganishe watu wa aina mbili. Mmoja ameshinda mahakamani tangu ujana wake, anazungumza akiwa katika askholia, maji yakimsukuma mgongoni. Mwingine anazungumza akiwa na skhole: akichoka na hoja moja anahamia nyingine, na wala hajali mazungumzo yawe mafupi au marefu ili mradi yafike kwenye ukweli. Wa kwanza, anasema Socrates, ni kama mtumwa anayebishana na mtumwa mwenzake mbele ya bwana. Wa pili ndiye huru. Kwa hiyo skhole hapa si kulala. Ni kufikiri bila mtu kukushikia saa.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alilichukua neno na kulipandisha ngazi ya juu kabisa. Katika kitabu chake cha Maadili aliandika sentensi ambayo Kigiriki chake ni kifupi kama methali: tunakosa nafasi ili tupate nafasi, na tunapigana vita ili tukae kwa amani. Na katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake kingine, Siasa, anatenganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Mchezo na mapumziko, anasema, ni vya mtu aliyechoka. Ni kama dawa, unampa mfanyakazi ili aweze kurudi kazini. Skhole si dawa ya kitu kingine. Ni ule muda ambao ndani yake mtu anafanya yale anayoyafanya kwa ajili ya hayo yenyewe, kama muziki na kutafuta elimu. Kwa kipimo hicho, Jumapili ya mtu aliyelala hoi kwa uchovu wa wiki nzima haihesabiki. Hayo yangali mazingira ya kazi.

Je, watoto wa Athens walisomea wapi?

Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakidhani skhole lilikuwa jina la shule ya watoto tangu mwanzo. Halikuwa. Mahali ambapo mtoto alifundishwa kusoma paliitwa didaskaleion, kutoka kwenye kitenzi cha kufundisha. Mwalimu wa herufi alikuwa na jina lake, wa kinubi lake, na wa mieleka lake. Mwanahistoria Thucydides anasimulia jinsi mwaka 413 KK askari wa kukodiwa kutoka Thrace, waliokuwa wakirudishwa kwao na Waathens kwa sababu walichelewa meli za vita vya Sicily, walivyouvamia mji mdogo wa Mykalessos alfajiri na kuchinja kila chenye uhai. Wakaingia katika shule ya watoto, kubwa kuliko zote za mji ule, watoto wakiwa ndiyo kwanza wameingia, wakawaua wote. Neno analoliandika ni didaskaleion. Aeschines naye, msemaji maarufu wa Athens, katika hotuba yake ya mahakamani dhidi ya Timarkhos, anataja sheria iliyokataza walimu kufungua hizo didaskaleia kabla jua halijachomoza na kuwataka wafunge kabla halijazama, kwa sababu watunga sheria hawakutaka mtu mzima abaki na watoto gizani. Ratiba, kufungua, kufunga, mashaka ya wazazi: shule ya watoto ya Athens tungeitambua vizuri sana. Ila haikuitwa skhole.

Picha yake tunayo. Jumba la makumbusho la Berlin lina kikombe cha kunywea divai kilichochorwa na Douris mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Upande mmoja mwalimu na mwanafunzi wameketi wameelekeana, kila mmoja na kinubi chake. Kando yao mwalimu mwingine amekunjua karatasi ya mafunjo yenye mstari wa shairi, na mvulana amesimama mbele yake wima, amejifunika shuka hadi shingoni, ukimwona unajua hakuielewa vizuri kazi yake. Kisha pembeni kabisa ameketi mwanamume mwenye ndevu na fimbo, miguu ameikunja moja juu ya nyingine, amegeuza kichwa kuwatazama. Huyo hafundishi wala hafundishwi. Anachukuliwa kuwa ndiye paidagogos, mtumwa wa nyumbani aliyempeleka mtoto na kumngoja hadi amalize, akambebea vitu vyake na kumrudisha. Neno pedagojia, ambalo leo linafundishwa kwa heshima katika vyuo vyetu vya ualimu, limetoka kwa mtu huyo wa kungojea. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, katika Wagalatia 3:24, imemwita "kiongozi", na ndivyo jina lake lilivyo: mwongoza mtoto njiani.

Mtazame tena huyo mtu wa pembeni. Katika chumba kile ni yeye peke yake asiye na la kufanya, na bado kwa hesabu ya Kigiriki ndiye asiye na skhole. Aristotle mwenyewe ananukuu methali ya zamani zake: hakuna skhole kwa watumwa. Na hazunguki mbuyu kueleza nafasi ya waungwana ilitoka wapi. Wenye uwezo, anasema, humwachia msimamizi kazi ya kuwasukuma watumwa, wao wakaenda zao kwenye siasa au falsafa. Mke naye alikuwa nyumbani na sufu ya kusokota. Muda haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitolewa kwa watu wengine na kupewa wachache.

Kutoka nafasi hadi mhadhara

Sasa fuata hao wachache, uone walikuwa wanakwenda wapi asubuhi. Walikwenda kwenye viwanja vya mazoezi, gumnasia, vilivyoitwa hivyo kwa sababu watu walifanya mazoezi humo wakiwa gumnos, uchi. Athens ilikuwa na viwanja maarufu nje ya kuta zake. Kimoja kilikuwa kwenye kishamba cha miti cha shujaa Akademos, kaskazini magharibi ya jiji. Kingine kilikuwa karibu na hekalu la Apollo Lukeios, upande wa mashariki. Kulikuwa na vivuli, na maji, na vibaraza vya kukalia. Mtu akiisha kujipaka mafuta na kupigana mieleka, anakaa. Na mtu mwenye nafasi aliyekaa ndiye windo la mwanafalsafa. Plato akaanza kufundishia kwa Akademos yapata mwaka 387 KK, Aristotle akaanza Lukeion mwaka 335 KK. Ndiyo asili ya akademia zote na lycée zote za Wafaransa: majina ya viwanja vya michezo. Mabaki ya Lukeion yalifukuliwa mwaka 1996 katika mtaa wa Rigillis, Athens, palipokuwa panachimbwa msingi wa jumba la makumbusho ya sanaa, na kilichoonekana kwanza ni kuta za ukumbi wa mieleka na mabafu.

Katika mazingira hayo neno lilianza kuteleza. Kwanza skhole ni muda. Kisha ni kile mnachokifanya katika muda huo, mazungumzo, mjadala. Kisha ni kikao cha mjadala huo, na mwisho ni kundi la watu wanaokutana hapo kila siku pamoja na mzee wao. Mtelezo huo unauona kwa macho ndani ya Siasa ya Aristotle, pale anapoorodhesha mbinu za madikteta za kujidumisha madarakani: usiruhusu skholai wala mikusanyiko mingine ya watu wenye nafasi, fanya kila kitu ili raia wasijuane, maana kujuana huzaa kuaminiana. Skholai hapo si muda tena. Muda haupigwi marufuku. Kinachopigwa marufuku ni mkutano.

Na haukupita muda mrefu ukapigwa marufuku kweli. Mwaka 307 au 306 KK, mtu mmoja aitwaye Sophocles (si yule wa Antigone, ambaye alikuwa amekufa karibu miaka 100 nyuma) alipitisha sheria Athens: mwanafalsafa yeyote asiongoze skhole bila idhini ya baraza na ya mkutano wa raia, na adhabu yake kifo. Theophrastus, mrithi wa Aristotle, akafungasha, na wanafalsafa wengine wote wakaondoka pamoja naye. Mwaka uliofuata mtu mwingine, Philo, akamshtaki Sophocles kwa kuleta hoja iliyo kinyume cha sheria. Sophocles akatozwa faini ya talanta 5, sheria ikafutwa, Theophrastus akarudi. Kwa ninavyoiona mimi, hapo ndipo shule ilipozaliwa kisheria. Serikali ilikuwa imetambua kwamba skhole ni kitu chenye mkuu, chenye kuhitaji kibali, na chenye kuweza kufungwa.

Wagiriki walikuwa na neno jingine la kushindana nalo, diatribe, ambalo kwa asili ni kusugua, kuutumia muda hadi uishe. Nalo likaja kumaanisha shule vile vile. Inaonekana ukisimama nje ukitazama watu wanaofikiri, unachokiona ni muda unaopita tu.

Hoja ya Misri

Kuna ubishi mmoja wa zamani ambao unalihusu neno hili moja kwa moja, na unaihusu Afrika. Mwanzoni mwa kitabu chake cha Metafizikia, Aristotle anauliza elimu zisizo na faida ya mara moja zilianza wapi. Anajibu: zilianza mahali ambapo watu walipata skhole kwanza. Ndiyo maana, anasema, hisabati ilianzia Misri, kwa kuwa huko tabaka la makuhani liliachiwa nafasi. Mwanahistoria Herodotus, aliyemtangulia kwa karibu miaka 100 na kuandika kwa kirefu sana juu ya Misri, ana hadithi tofauti kabisa. Mfalme Sesostris, anasimulia, aliwagawia watu viwanja sawa na kuwatoza kodi. Nile ikimega shamba la mtu, mwenye shamba alikwenda kwa mfalme, na wapimaji wakatumwa kuona limepungua kiasi gani ili kodi nayo ipungue. Kutokana na kupima huko, Herodotus anadhani, ndiko jiometri ilikotoka ikafika Ugiriki.

Tazama tofauti yake. Kwa Herodotus hisabati imetoka kwenye matope, kwa mtu aliyeshika kamba na mkulima anayelalamikia kodi. Kwa Aristotle imetoka kwa kuhani aliyekaa kivulini. Mimi moyo wangu uko kwa Herodotus. Jina lenyewe la jiometri ni kupima ardhi. Lakini sitamnyima Aristotle haki yake. Kupima shamba la Fulani ni kazi. Kuuliza kwa nini kila pembetatu, iwe ya shamba au ya hewani, ina tabia ile ile, hilo ni swali linalomjia mtu baada ya kamba kukunjwa, akiwa hakuna anayemngoja.

Anayelitamka ndiye anayelipa maana

Misri ina sura nyingine katika hadithi hii. Katika karne ya 3 KK, Wayahudi wa Alexandria walianza kufasiri Torati yao kwa Kigiriki. Walipofika Kutoka sura ya 5, ambapo wana wa Israeli wanaomba ruhusa ya kwenda jangwani kumtolea Mungu dhabihu na Farao anawakatalia, walihitaji neno la kumwekea Farao mdomoni. Katika Kiswahili Farao anawaita wavivu. Katika Kigiriki anawaambia: mna skhole, ninyi ni skholastai! Rudini kwenye matofali.

Neno ni lile lile la Plato na Aristotle. Muungwana wa Athens akikaa kivulini, skhole yake ni taji la maisha. Mfyatua matofali akiomba siku chache, skhole yake ni uvivu. Hakuna kilichobadilika isipokuwa nani anamsema nani.

Katika Agano Jipya neno linaonekana mara chache, na kila mara limevaa nguo tofauti. Mathayo 12:44 ina pepo mchafu anayerudi kwenye nyumba yake na kuikuta ina skhole. Union Version inasema "tupu", na ni sawa kabisa, ni nyumba yenye nafasi. Katika 1 Wakorintho 7:5 wanandoa wanaambiwa wanaweza kutengana kwa muda ili wapate skhole ya kusali, na hapo mfasiri ameandika "faragha". Chaguo zuri kuliko alivyojua pengine, maana faragha katika Kiarabu asili yake ni utupu na wasaa, njia ile ile neno la Kigiriki lilipopita. Na katika Matendo 19:9 Paulo anahojiana na watu wa Efeso kila siku katika skhole ya mtu aitwaye Tirano. Huo sasa ni ukumbi wenye mwenyewe. Kiswahili kimesema "darasa". Tupu, faragha, darasa: neno moja, kitabu kimoja, maana tatu.

Msomi mwenyewe, skholastikos, mtu mwenye nafasi, naye hakusalimika. Kwa Aristotle ni sifa. Lakini katika Philogelos, mkusanyo wa vichekesho wa mwishoni mwa zama za kale, zaidi ya vichekesho 100 vinamhusu skholastikos, na kila mara yeye ndiye bwege. Mmoja alitaka kumfundisha punda wake asile, akawa hampi chakula. Punda akafa kwa njaa. "Hasara gani hii!" akasema. "Mara tu alipozoea kutokula, akafa." Sisi tuliolelewa na hadithi za Abunuwasi tunamjua huyu, ila Abunuwasi kwa kawaida ndiye mjanja. Wagiriki waliamua msomi ndiye wa kuchekwa, na ukishakaa kwenye vikao vya wasomi wawili watatu huwezi kuwalaumu.

Warumi walipolichukua neno walilitanua hadi likalegea. Schola ikawa darasa, chama cha mafundi na ukumbi wake, hata kikosi cha walinzi wa kaisari. Vitruvius, mwandishi wa mambo ya ujenzi, analitumia kwa ile nafasi inayozunguka beseni katika bafu la umma, ambapo watu walisimama kungojea wenzao watoke majini. Anashauri iwe pana. Hilo ndilo ninalolipenda, kwa sababu limerudi karibu na mwanzo: mahali pa kusimama na kungoja. Kwa shule ya watoto Warumi walikuwa na neno lao, ludus, ambalo maana yake ya kwanza ni mchezo. Kwa hiyo mtoto wa Roma alichapwa viboko mahali paitwapo mchezo, na kaka yake akasinzia mahali paitwapo nafasi. Katika karne ya 4 mshairi Ausonius wa Bordeaux alimwandikia mjukuu wake kumtuliza kuhusu shule, akamweleza kwamba imepewa jina la Kigiriki kwa sababu Wamusa, miungu wa kike wa elimu na sanaa, nao wanastahili mapumziko. Sijui kama mjukuu aliridhika.

Lugha za kwetu hazikutafuta jina la shule kwenye muda. Waganda huiita essomero, mahali pa kusomea. Waarabu waliifanya hivyo hivyo: madrasa ni mahali pa kusoma, na mzizi huo ndio uliotupa darasa. Kiswahili cha zamani kilikuwa na chuo, ambalo kwanza ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate, uliitwa pia Chuo cha Herkali, na huyo Herkali si mwingine bali ni Heraklios, kaisari wa Wagiriki wa Konstantinopoli. Mtoto wa pwani alipelekwa chuoni, mahali pa kitabu, na aliyebobea akawa mwanachuoni. Leo chuo kimehamia juu, ni cha waliomaliza kidato cha nne au cha sita, na nafasi yake chini imeshikwa na yale maneno mawili ya Mgiriki. Hata Wanyarwanda wanasema ishuri, na ukiisikiliza vizuri unaisikia ile Schule ndani yake.

Na huku kwao je? Mgiriki wa leo anayo maneno manne kwa kazi ambayo zamani ilifanywa na moja. Skholeío ni shule ya watoto. Skholí, sauti ikipanda mwishoni, ni chuo au kitivo. Skhóli, sauti ikipanda mwanzoni, ni siku ya mapumziko, sikukuu. Na kitenzi skholáo, ambacho kwa Aristotle, katika umbo la skholazein, kilikuwa kutumia nafasi yako kwa mambo yaliyo bora kuliko yote, kimekuwa neno la kila siku la kutoka kazini au shuleni. "Ti óra skholás?" watu huulizana: unatoka saa ngapi? Mtoto wa Athens akitaka kusema ametumia neno hilo la Aristotle leo, inambidi kwanza kengele ilie, abebe begi lake, avuke geti la shule na kusimama barabarani. Hapo ndipo anapokuwa na skhole.